Tathmini: Safari ya Siku Mbili ya Mambo ya Kale ya Bonde la Rufiji, Kutoka Dodoma hadi Isimila

Mkazi wa Dodoma anayetaka kuona mambo ya kale kwa kawaida huelekezwa kaskazini, Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ushauri huo ni mzuri na sina ugomvi nao. Kikundi kidogo cha vijana wa hapa mjini, hata hivyo, kimeamua kugeukia upande wa pili: kwa shilingi 185,000 kwa mtu, wanakupeleka kusini hadi Iringa na kukurudisha kesho yake jioni, na badala ya kukuuzia kituo kimoja kimoja wanakuuzia mto. Safari nzima imepangwa kama somo la bonde la Rufiji, kuanzia kwa watu waliochonga mawe Isimila mpaka kwenye biashara ya Bahari ya Hindi katika delta ya mto huo. Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari, na kila mwaka huwasikia wanafunzi wa kidato cha kwanza wakilitaja jina la Isimila pamoja na Olduvai na Kondoa bila kuwa na picha yoyote ya mahali penyewe, kwa hiyo nililipa nikiwa na nia ya kupima kama huduma hii inafaa kuletewa darasa zima. Jibu langu ni kwamba siku ya kwanza inafaa kabisa, na siku ya pili inahitaji kupangwa upya.

Gari huondoka karibu na Nyerere Square saa kumi na moja alfajiri, na kwa bahati nzuri waongozaji hawasubiri abiria walale ndipo waanze kuzungumza. Jambo la kwanza kuambiwa ni kwamba tulipokuwa tumesimama, tukiwa bado Dodoma mjini, hatukuwa katika bonde la Rufiji hata kidogo. Maji ya upande huu huishia kwingine: Kinyasungwe huyapeleka mashariki hadi kwenye Mkondoa na hatimaye Wami, na mto Bubu, unaotoka pande za Kondoa, huishia katika mbuga ya Bahi bila kuiona bahari. Hivyo hata michoro ya Kolo, kwa hesabu ya maji, ni ya bonde jingine. Ni mpaka uteremke kusini kuelekea Mtera ndipo mvua inayonyesha juu ya paa la gari lako huwa na safari ya kuelekea Rufiji. Nimeishi hapa miaka mingi na nimefundisha jiografia ya mito hii kwa ramani ya ukutani, lakini sikuwahi kumsikia mtu akiifungua safari kwa kumwonyesha abiria kwamba kuna mstari usioonekana anaokwenda kuuvuka. Ulikuwa mwanzo mzuri, na ulitupa sababu ya kutazama nje.

Bonde lenyewe ni kubwa kuliko yote nchini, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 180,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, na linalishwa na mikono mitatu mikubwa: Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Safari hii hugusa mkono mmoja tu, wa Ruaha, na waandaaji hawafichi jambo hilo. Mtera tulisimama kwa chai ya maziwa na perege wa kukaanga, ambao bei yao haimo katika malipo ya safari na ambao walistahili kila senti. Barabara hupita hapo bwawani, na mwongozaji alitumia ukuta ule kutufundisha jinsi mto unavyofanya kazi. Bwawa la Mtera lilijengwa katika miaka ya 1970 mahali ambapo maji ya Kizigo hukutana na ya Ruaha Mkuu, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, iliyoko chini zaidi, yenye uwezo wa megawati 204; Mtera yenyewe huzalisha megawati 80. Maji hayo huanguka kwa kasi kati ya Mtera na Kidatu kwa sababu nchi yenyewe inashuka ghafla. Naomba msomaji aukumbuke mteremko huo, maana jioni yake mtu wa kikundi hikihiki aliusahau.

Alieleza pia jambo ambalo wakazi wa kusini wanalijua kwa uchungu: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na matumizi ya maji ya kilimo cha umwagiliaji katika bonde la Usangu hutajwa kuwa sababu kuu. Nilidhani ametoka nje ya mada. Kumbe alikuwa akitutayarisha, kwa sababu Isimila nayo ni habari ya maji yaliyokuwapo mahali fulani na kisha yakaondoka.

Milima ya Nyang'oro nitaipita upesi kama gari lilivyoipita. Kona ni nyingi, dereva alikuwa makini, na mwenye tumbo jepesi ale samaki wake kwa kiasi.

Isimila iko kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Iringa, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Tulifika saa sita mchana na kukabidhiwa kwa mwongozaji mwenyeji, kijana mpole wa Kihehe aliyetuamkia kwa heshima, akianza na wazee, kisha akatushusha korongoni bila hotuba ndefu. Historia ya ugunduzi aliimaliza kwa dakika chache: mwaka 1951 mwanafunzi aitwaye D. A. Maclennan, akisafiri kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, alipita hapa, akaona zana za mawe zilizofunuliwa na mmomonyoko na kuchukua kadhaa. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell, mwanaakiolojia Mmarekani, pamoja na wenzake Glen Cole na Maxine Kleindienst, walichimbua eneo hilo kwa utaratibu wa kisayansi. Baada ya hapo hakutaja tena jina la mtu kwa muda mrefu. Alishughulika na udongo, na hapo ndipo huduma hii ilipopanda daraja.

Wageni wengi huenda Isimila kwa ajili ya nguzo. Ni nguzo ndefu za udongo wenye rangi ya kutu na ya majivu, zimesimama korongoni peke yake, na hupendeza sana katika picha. Kijana yule alituzuia kupiga picha kwanza na kututaka tuzisome kuanzia chini kwenda juu. Zamani, alisema, hapa palikuwa na bwawa lenye kina kifupi lililokuwa likiingiziwa maji na vijito vya jirani. Kila mvua iliongeza mchanga, na kila kipindi cha utulivu kiliongeza tope laini, mpaka tabaka zikafikia unene wa mita zipatazo 18. Wanyama walikuja kunywa na watu waliwafuata wanyama, wakaacha zana zao ukingoni, zikafunikwa na mchanga wa msimu uliofuata. Muda mrefu baadaye kijito kingine, ambacho maji yake huteremka kuelekea Ruaha Mdogo, kilianza kukata tabaka zilezile na kuzifunua. Nguzo ni sehemu ambazo tabaka gumu la juu limeikinga mchanga laini wa chini usichukuliwe na mvua. Kwa maneno mengine, maji ndiyo yaliyowaita watu, maji ndiyo yaliyozizika zana zao, na maji ndiyo yanayozitoa leo na kuzipeleka mtoni. Mtu akishaelewa hivyo hazitazami tena nguzo kama maajabu ya asili yaliyosimama kando ya historia. Ni sehemu za ule udongo uliozifunika zana.

Katika msafara wetu alikuwamo mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye tangu Mtera alikuwa haulizi kitu. Alitazama mawe yaliyotapakaa chini mbele yetu korongoni, akainua uso na kusema, "Mwanangu, mimi nimekulia kando ya mto. Mto nao huchonga mawe. Mmejuaje kwamba haya yamechongwa na mtu?"

"Babu, hilo ndilo swali lenyewe," alijibu kijana, na akaingiza mkono katika mkoba wake. Katika kiganja cha kushoto cha mzee aliweka kokoto aliyoitoa mtoni, na katika kiganja cha kulia jiwe alilolipasua yeye mwenyewe kwa ajili ya kufundishia. Akamwomba azungushe kidole gumba kwenye kila moja. Kokoto haikuwa na pembe popote, kwa sababu mto husaga kila upande bila kuchagua. Jiwe lililopasuliwa lilikuwa na makovu yenye kina kidogo, yaliyopangwa upande huu na upande ule, na makovu ya pande zote mbili yalikutana kwenye ukingo mmoja uliozunguka jiwe zima. Chini ya kila mahali palipogongwa palikuwa na uvimbe mdogo kwenye kipande kilichobanduka, alama ambayo hutokea jiwe likipigwa pigo moja lenye nguvu mahali mahsusi. Mto unaweza kubandua kipande kimoja, alisema kijana, lakini haurudi upande wa pili kubandua cha pili ili ukingo unyooke. Mzee aliendelea kupapasa ukingo ule kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi karakana: "Huyu alikuwa fundi."

Hakuna zana ya kale iliyoinuliwa katika onyesho hilo lote. Kijana aliinama akanyoosha kidole, na kwa macho tuliyokuwa tumepewa dakika hiyo tulianza kuzitambua wenyewe: mashoka ya mkono yenye umbo la chozi, vipasulio vyenye makali mapana, vikwangulio, na mawe ya mviringo yaliyogongwa pande zote. Ni zana za mtindo wa Asheuli, za Zama za Mawe za Mwanzo, zilizotengenezwa kwa mawe ya kienyeji kama vile graniti, kwatsi na mailonaiti. Baadhi ya mashoka ya Isimila yana urefu unaozidi sentimita 30, na ni mazito kiasi kwamba mtu mzima angehitaji mikono miwili kuyatumia. Kijana alitueleza wazi kwamba wataalamu hawajakubaliana kuhusu sababu ya ukubwa huo, akatuachia tubishane. Mabaki ya waliozichonga hayajapatikana hapo. Yaliyopatikana ni mifupa ya wanyama wao, akiwamo kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, aitwaye kwa jina la kisayansi Hippopotamus gorgops, ambaye macho yake yalikaa juu zaidi ya fuvu kuliko ya kiboko tunayemfahamu.

Kijana mmoja katika msafara wetu alitia kipande cha jiwe mfukoni. Mwongozaji alimwona, hakupandisha sauti, akasema, "Kaka, lirudishe palepale ulipolitoa, si karibu na pale." Kisha akaeleza kwa nini neno palepale lina uzito: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, lakini hata pasingekuwa na sheria, zana iliyoondolewa mahali pake hupoteza habari ya tabaka lake, ya jirani zake na ya mfupa uliokuwa kando yake, na hubaki kuwa jiwe zuri tu. Nimehudhuria semina nzima za walimu ambazo hazikulisema jambo hilo kwa uwazi kama huo.

Lawama yangu ya kwanza iko hapa. Kwa mahali penye utajiri huu ratiba inatoa saa moja na nusu. Chakula cha mchana kilikuwa kimeagizwa mjini kwa saa maalumu, na tulipokuwa bado tunauliza maswali honi ya gari ilianza kutuita kutoka juu. Wali wa mjini ungeweza kusubiri, au ungeweza kubebwa kwenye vyombo tukala pale pale chini ya miti. Jumba dogo la maonyesho lililopo eneo hilo tulilipitia tukiwa tumesimama mguu mmoja.

Lawama ya pili ni kijitabu. Kila abiria hupewa kijitabu cha kurasa chache chenye ramani ya bonde, na ramani hiyo ni nzuri: mito imechorwa kwa unene unaolingana na uzito wake, na mikondo isiyo ya Rufiji imewekwa kwa rangi hafifu ili msomaji aone mipaka. Maandishi ndiyo yanayoyumba. Ukurasa mmoja unasema Isimila ina umri wa miaka 60,000, na ukurasa unaofuata unasema 260,000, na hakuna sentensi inayoeleza kwa nini. Tofauti hiyo ina maelezo rahisi. Namba ndogo ni ya makadirio ya zamani, ambayo bado yanazunguka katika vipeperushi vya utalii. Namba kubwa ilitokana na upimaji wa urani katika mifupa, uliochapishwa mwaka 1972 na Howell na wenzake. Mistari miwili ingetosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi elimu ya kale inavyojirekebisha. Bila mistari hiyo, anayesoma anaondoka akidhani mtu amekosea kupiga chapa.

Kosa zito zaidi ni sentensi inayowaita wachongaji wa Isimila "mababu wa Wahehe." Nafahamu nia yake, na najua sentensi ya namna hiyo huwafurahisha wenyeji na wageni kwa pamoja. Lakini Wahehe kama dola moja waliunganishwa katika karne ya 19 na Munyigumba, baba yake Mkwawa, kutokana na vikundi mbalimbali vya nyanda hizo, na kati ya kazi yake na shoka la Isimila kuna zaidi ya miaka laki mbili na nusu. Zana zile ni za ukoo wa binadamu wote. Kijana mwongozaji, ambaye mwenyewe ni Mhehe, hakudai undugu huo hata mara moja, na ningependa aliyeandika kijitabu akae naye kwa nusu saa.

Usiku tulilala Iringa mjini katika nyumba ya wageni safi, yenye maji ya moto, jambo la lazima kwa mtu aliyezoea joto la Dodoma. Baada ya chakula palikuwa na mazungumzo ya jioni kuhusu upande wa chini wa bonde, yaani delta na bahari, kwa kuwa safari haifiki huko. Wazo ni zuri, maana bila delta somo la mto halijakamilika, na nusu ya kwanza ya mazungumzo ilikuwa sahihi. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, palipokuwa na pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Ptolemaio wa Alexandria, katika karne ya 2, anautaja mji huo pamoja na mto wenye jina linalofanana nao. Katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za kioo zilizopatikana katika eneo la Rufiji, ambazo alizihusisha na ulimwengu wa Kirumi, na akajenga hoja kwamba Rhapta ilikuwa upande huo wa pwani.

Mzungumzaji wetu alichukua hoja akaifanya matokeo. Alisema Rhapta "imegunduliwa Rufiji," kana kwamba mtu anaweza kwenda kuikanyaga. Shanga ni ushahidi wa biashara, tena ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba wakulima na wafua chuma wa pwani hii walikuwa na mkono katika masoko ya mbali karne nyingi kabla ya Kilwa kushamiri. Hata hivyo shanga hutembea kutoka mkono hadi mkono, na kupatikana kwake hakuthibitishi kwamba mji ulikuwa hapo. Wapo wataalamu wanaoielekeza Rhapta kwenye mito mingine ya pwani yetu. Mabishano haya ni matamu kuliko jibu la mkato, na msafara ule, uliokuwa umetoka Isimila mchana huohuo ukiwa umefundishwa kuuliza "mmejuaje," ungeyapokea vizuri.

Akaongeza kwamba wafanyabiashara wa kale walipiga kasia kutoka delta mpaka nyanda za Iringa. Hapo mstaafu wa reli alikohoa kwa makusudi. Sehemu ya chini ya Rufiji inapitika kwa mitumbwi na imetumika hivyo tangu zamani, lakini Ruaha Mkuu kabla ya kufika uwanda wa Kilombero hupita katika magenge na maporomoko, na asubuhi yake tulikuwa tumeelezwa kwamba mteremko huohuo ndio unaozungusha mitambo ya Kidatu. Mto unaoweza kutoa megawati 204 kwa kuanguka si njia ya mtumbwi wa kupanda. Kama pembe za ndovu za bara zilifika pwani, zilibebwa na watu kwa miguu, angalau katika sehemu hiyo ya njia. Waandaaji wana kila kitu cha kujenga hoja hii wenyewe, ila aliyezungumza asubuhi na aliyezungumza jioni hawakuwa wamesikilizana.

Siku ya pili ilianza Igeleke, karibu na mji, kwenye mwamba wenye michoro myekundu ya watu na wanyama. Ni kituo kizuri na kifupi, mwanga wa asubuhi unakifaa, na anayetoka Kolo ataona mara moja kwamba mikono ya wachoraji ni tofauti. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Muda uliobaki, karibu asubuhi nzima, ulikwenda Kalenga. Naomba nieleweke vizuri. Kalenga, iliyojengwa kando ya Ruaha Mdogo, ni mahali pa heshima: ndiko yalikokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, yaliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, miaka mitatu baada ya jeshi lake kuwashinda Lugalo na kumuua kamanda wao Emil von Zelewski, na ndiko linakotunzwa fuvu lake, ambalo kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kutekelezwa mwaka 1954. Mwongozaji wa pale aliyasimulia haya kwa ufundi. Tatizo ni la waandaaji, ambao wameuza safari ya mambo ya kale ya bonde la mto na kisha kuruka kutoka Zama za Mawe za Mwanzo hadi karne ya 19, bila kuacha hata kituo kimoja katikati isipokuwa mwamba wa Igeleke. Yaliyotokea katikati ndiyo yaliyomfikisha mwanadamu alipo, na bonde hili lina ushahidi wake.

Ushahidi huo uko Magubike na Mlambalasi, mapango ya miamba yaliyoko mkoani humo humo, ambayo timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, imekuwa ikiyachunguza kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Magubike ina tabaka nene za Zama za Mawe za Kati, pamoja na meno ya binadamu. Mlambalasi ina tabaka za Zama za Mawe za Mwisho na za Zama za Chuma juu yake, shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na mabaki ya watu waliozikwa humo mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Na jambo linaloudhi zaidi ni kwamba Mlambalasi ndipo lilipo kaburi la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Kaburi na pango ni majirani. Msimulizi anayetaka kuwapa wageni Mkwawa na wakati huohuo kuwaonyesha watu walioishi bondeni muda mrefu kabla yake hana haja ya kuchagua, kwani vyote viko mahali pamoja, kwenye njia ileile ya kwenda Hifadhi ya Ruaha ambayo tayari imepita Kalenga. Nilipouliza, niliambiwa kwamba barabara ya vumbi ingewachelewesha kurudi Dodoma. Sababu hiyo naielewa masika; kiangazi ina nguvu kidogo sana.

Kuhusu huduma nyingine sina malalamiko makubwa. Gari ni Coaster yenye viti vizima, dereva hakukimbia, na msaidizi alikuwa na maji ya kunywa ya kutosha. Malipo yanajumuisha usafiri, malazi, chakula cha usiku na cha mchana, na kijitabu. Viingilio vya vituo hulipwa na abiria mwenyewe, na tangazo lao halilisemi hilo kwa herufi za kuonekana, kwa hiyo ulizeni mapema. Kushuka korongoni Isimila kunataka viatu vilivyofungwa na magoti yenye nguvu kiasi, ingawa mstaafu wetu alishuka na kupanda bila msaada wa mtu. Kati ya Desemba na Aprili mvua hulifanya korongo liteleze, na kwa wanafunzi nisingeshauri miezi hiyo. Iringa mbebe sweta mwezi wowote.

Kikundi cha watu wanane au zaidi huruhusiwa kupanga ratiba yake kwa bei ileile, na kwa darasa langu nimekwisha kuomba mpango ufuatao: siku ya kwanza Isimila mchana kutwa, chakula kikiliwa hukohuko na kijana yule akiachwa aongee mpaka amalize, jioni bila mhadhara, siku ya pili kuondoka mapema kwenda Mlambalasi, na Kalenga kupewa saa moja wakati wa kurudi. Wamekubali, kwa sharti kwamba tuende kati ya Juni na Oktoba.